Jukiboksi ya zamani: irudishe sauti yake bila kung'oa amplifaya

Kama una jukiboksi ya zamani, ile mashine ya kuchagua na kuchezesha santuri, nyumbani ama kwa baa, iwe Seeburg, Rock-Ola, Wurlitzer, AMI au hata NSM ya Ujerumani, na sauti yake inakwaruza au imekuwa nzito au inavuma tu, nakuomba kitu kimoja kabla hujaita mtu: usikubali ang'oe amplifaya ya zamani aweke ile ya kisasa ya bluetooth. Naona hii kitu sana huku Uganda, amplifaya nzima ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, inatolewa na transfoma zake nzito zinapimwa kilo kama chuma chakavu, ndani inawekwa redio ya gari, halafu sauti bado mbaya vilevile, manake shida haikuwa kwa amplifaya. Ilikuwa ni mwendo wa santuri, au sindano, au kapasita mbili tatu, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zimekauka. Mashine hizi zilitengenezwa zijaze ukumbi wenye watu wanacheza na kupiga kelele, zina nguvu na besi ya kutosha zenyewe, kazi yako ni kuzirudisha pale zilipokuwa. Inauma kuona moja inaharibiwa kwa haraka tu.

Kwa hiyo tufuate njia ambayo sauti yenyewe inapita, tuanze pale sindano inagusa santuri, amplifaya tutaifikia, spika mwisho.

Lakini kabla ya yote, usalama. Ndani ya amplifaya ya valvu kuna volti 300 mpaka 400 na zaidi, na kapasita kubwa zinabaki na umeme hata kama umeshachomoa waya ukutani. Chomoa, subiri, halafu chukua rezista ya kilo-ohm 2 hivi ya wati 5, ishike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, iguse kati ya kapasita na chesisi, yaani fremu ya chuma, kwa sekunde kadhaa, pima na mita uone volteji imeshuka kabisa ndo uingize mkono. Ukilazimika kupima ikiwa inawaka tumia mkono mmoja, ule mwingine weka mfukoni. Na kama hujawahi kushika kazi ya umeme mkubwa, zile sehemu za sindano, raba, santuri na spika fanya mwenyewe, ya amplifaya mpe fundi anayejua valvu.

Mwendo kwanza, manake hapa umeme wetu ni wa hezi 50

Hii ndiyo sehemu watu wengi huku wanairuka na ndiyo inaharibu sauti kuliko kitu kingine. Jukiboksi nyingi za Marekani zilitengenezwa kwa umeme wa volti 117 na hezi 60, hezi ni mara ngapi umeme unageuka mbele na nyuma kwa sekunde. Sisi tuna volti 240 na hezi 50. Mtu ananunua transfoma ya kushusha 240 mpaka 110, anachomeka, mashine inawaka, taa zote nzuri, anafikiri amemaliza. Transfoma inabadilisha volti tu, hezi haigusi kabisa. Na mota ya jukiboksi inafuata hezi. Sasa piga hesabu, 45 mara 50 gawanya kwa 60 unapata 37 na nusu, yaani santuri iliyotakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika inazunguka 37 na nusu. Wimbo unashuka kama nusu-toni tatu, mwanamke anaimba kama mwanaume, gitaa la rumba linapoteza ule utamu wake wote, na wimbo wa dakika 3 unachukua dakika 3 na sekunde 36.

Kuna mama mmoja mwenye baa pale Busia aliniambia, "Fundi, hizi santuri zimechoka, hata mimi nimezichoka." Nikamwambia mama, santuri ziko sawa, ngoja tuhesabu. Kata kipande kidogo cha karatasi nyeupe, kibandike pembeni ya lebo ya santuri, iwashe icheze, shika simu yenye saa ya kuhesabia halafu hesabu kila karatasi inapopita mahali pamoja kwa dakika nzima. Ukipata 45 uko sawa. Ukipata 37 kwenda 38 basi mota yako bado inafikiri iko Marekani. Yeye alihesabu mwenyewe kwa sauti mpaka dakika ikaisha, akaniangalia, akasema basi rekebisha.

Kurekebisha kuna njia tatu. Ya kwanza, soma kibati cha nyuma ya mashine vizuri, manake mashine zingine zilitengenezwa za kuuzwa nje na zina sehemu ya kuchagua 220 au 240, na zingine ni za hezi 50 tangu kiwandani kama zile za Ujerumani, unaweza kuta huna shida yoyote. Ya pili ni kuongeza unene wa kile kipini cha mota kinachosukuma gurudumu la raba. Ili urudi 45 kwa hezi 50 kipini kinatakiwa kiwe kinene mara 1.2, kwa mfano kama kina milimita 5 kiwe 6. Kuna vipuri vya hivyo vinauzwa kwa ajili ya modeli nyingi, ukikosa, fundi wa lathe wa pale Katwe, Kampala, anaweza kukuchongea bushi ya shaba ya kuvalisha juu ya kipini, ila mwambie wazi lazima tundu likae katikati sawasawa kabisa, likienda pembeni hata kidogo kila mzunguko wa mota utausikia kwenye wimbo. Kama mashine yako inatumia mkanda badala ya gurudumu la raba hesabu inabadilika kidogo kwa sababu ya unene wa mkanda, kwa hiyo chonga, jaribu, hesabu tena. Na angalia kwanza kama mota hiyohiyo ndiyo inabeba na kurudisha santuri, manake utakuwa umebadilisha mwendo wa hiyo kazi pia.

Ya tatu, na hii mimi naipenda kwa mtu ambaye tayari ana solar au betri za kusaidia umeme ukipotea, ni inverta ya volti 110 au 120 na hezi 60 inayotoa wimbi safi la sine. Unachaji betri, mashine inakula kutoka kwa betri, inapata volti zake na hezi zake za kuzaliwa, hakuna kuchonga kitu, na umeme ukirudi kwa nguvu baada ya kukatika hauifikii amplifaya moja kwa moja. Soma wati kwenye kibati, nunua inverta inayobeba mara mbili yake, manake mota inavuta sana wakati wa kuanza. Usichukue zile za bei rahisi za wimbi la mraba, mota inapata joto na kwenye spika unasikia mlio wa nyuki muda wote. Kuna faida nyingine pia, transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa 50 inapata moto zaidi, kwa hiyo ukibaki na umeme wa ukutani hakikisha volti hazizidi zile za kwenye kibati, na acha nafasi nyuma hewa ipite.

Mwendo ukishakuwa 45 lakini sauti bado inayumba, inapanda na kushuka kama mtu anaimba akiwa kwa boda kwenye mashimo, toa lile gurudumu la raba uliangalie. Mashine iliyokaa miaka bila kucheza, raba imekandamizwa mahali pamoja mpaka ikafanya bonde dogo, pitisha ukucha taratibu kuzunguka raba utalisikia. Bonde dogo sana unaweza kusugua na msasa laini huku gurudumu linazunguka, likiwa kubwa peleka kuvalishwa raba mpya. Safisha raba na spiriti, mafuta yasiguse hapo hata tone. Mafuta ya cherehani matone mawili kwenye bushi za mota yanatosha, futa yanayomwagika. Vumbi letu jekundu likichanganyika na grisi ya zamani linakuwa udongo mgumu, toa yote kabla ya kuweka mpya, usipake juu yake.

Sindano

Sindano iliyolika haiharibu sauti ya leo tu, inachimba santuri na hiyo hairudi tena. Washa kamera ya simu, vuta karibu, weka taa ya pembeni, angalia ncha, ama azima lenzi ya fundi wa saa. Ncha nzuri ni mviringo laini. Ukiona imepata bapa pande mbili, inang'aa kama kioo kidogo, imekwisha. Kama hujui historia ya mashine weka mpya tu bila kubishana, ni kitu kidogo na unaweza kusikia tofauti yake sekunde ya kwanza.

Angalia pia ni sindano ya nini. Santuri za 45, zile ndogo za inchi 7 zilizoanza 1949, zinataka ncha ya mikroni 18 hivi. Zile nzito za zamani za 78 zinataka ncha nene ya mikroni 76 hivi, na jukiboksi za kabla ya 1950 zilikuwa za 78. Seeburg ndiyo ilitoa ya kwanza ya 45, M100B, mwaka 1950. Ukiweka sindano ya 78 kwenye 45 inapanda juu ya mfereji na kuukata.

Katriji, yaani kile kichwa kinachoshika sindano, ziko za aina mbili kubwa na usizichanganye. Kuna za krista na seramiki ambazo zinatoa volteji kubwa zinaingia kwa amplifaya moja kwa moja, na kuna za sumaku ambazo zinatoa milivolti chache tu na zinahitaji priamplifaya yake, yaani amplifaya ndogo ya kuzikuza kwanza. Za krista zile za zamani kabisa zinaharibiwa na unyevu na joto, na ukiwa sehemu za ziwa kama Entebbe au Jinja ukikuta katriji ya krista bado nzima ni bahati kubwa. Ikiwa imekufa sauti inakuwa ndogo, nyembamba, haina besi. Weka ya seramiki badala yake, usiweke ya sumaku halafu ushangae kwa nini husikii kitu. Kitu kingine, kama mashine yako ni ya mono na unachezesha santuri za stereo, katriji ya zamani ya mono haipandi na kushuka vizuri kwa hiyo inazikwangua, afadhali uweke ya stereo na kuunganisha waya zake mbili za kushoto na kulia pamoja.

Uzito wa sindano, hapa kila mtu ana maneno yake. Ikiruka wanaongeza sarafu juu ya mkono. Tafadhali acha hiyo. Nunua ule mzani mdogo wa dijitali wa kupimia dhahabu, weka sindano juu yake ikiwa kwenye urefu uleule wa santuri, soma gramu, fananisha na kitabu cha mashine. Mashine za miaka ya 70 zenye katriji ya sumaku nyingi zinacheza kati ya gramu 3 na 5, za zamani zaidi zinakwenda juu ya hapo. Ikiwa nyepesi sana nayo ni mbaya, sindano inarukaruka ndani ya mfereji na herufi ya s inakuwa mkwaruzo. Kwenye Seeburg nyingi santuri inasimama wima, kwa hiyo nguvu ya sindano inatoka kwa springi na huwezi kupima kwa kulaza tu, fuata maelezo ya modeli yenyewe.

Na santuri zenyewe zioshe. Maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, brashi laini ukifuata mzunguko, lebo isilowe, halafu suuza na yale maji ya betri ya chupa ya kuongezea, yale safi, siyo asidi, soma chupa mara mbili. Kausha zikiwa zimesimama. Zile za 78 usiziguse na spiriti, inayeyusha. Santuri za mtindo wa Uingereza zinakuja na kitovu kidogo katikati cha kung'oa, king'oe taratibu ukae na tundu kubwa la milimita 38 ambalo jukiboksi inataka. Zile ambazo hazina kitovu cha kung'oa mtu anatoboa mwenyewe, na tundu likienda pembeni milimita moja tu wimbo mzima utayumba, hapo hata mota iwe mpya haisaidii.

Sauti inapotea upande mmoja au inakuja na kwenda

Kuna ka-swichi ama relei ndani ya jukiboksi ambayo inazima sauti wakati mkono unabadilisha santuri, ili watu wasisikie ile kishindo ya sindano inashuka. Kontakti zake zikichafuka unapata sauti hafifu, au upande mmoja tu, au inakatika ukipiga kabati. Wengi wanabadilisha katriji na valvu zote na hawajaangalia hapa! Kata kipande cha karatasi ngumu kama ya kadi ya mwaliko, ilowanishe na spiriti, ipitishe kati ya kontakti ukizibana kidogo na kidole, vuta. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Rudia na sehemu safi mpaka itoke nyeupe, malizia na karatasi kavu. Usitumie msasa hapo, kontakti nyingi zimepakwa madini ya thamani juu na ukisugua umeyaondoa.

Volyumu ikikwaruza ukizungusha, dawa ya kusafishia kontakti, ile yenyewe ya elektroniki, puliza kidogo ndani na zungusha mwisho hadi mwisho mara nyingi. Miguu ya valvu na soketi zake nayo hivyohivyo. Mafuta ya kulegeza nati za gari siyo dawa ya hii kazi, yanavuta vumbi.

Mvumo

Teremsha volyumu mpaka sifuri. Kama mvumo bado upo palepale, shida iko kwenye saplai, sehemu inayolisha amplifaya umeme, kapasita za kuchujia umeme zimekauka, na mvumo wake kwa umeme wa ukutani ni wa hezi 100, una ukali fulani. Kama umepotea, shida iko kabla ya volyumu, waya wa katriji umeachana na ngao yake, au ethi, waya wa ardhi, haijakaa, na huo ni mvumo mzito wa hezi 50. Hii test ni ya bure na inakuokolea siku nzima ya kubahatisha.

Kapasita za elektrolaiti zikishapita miaka arobaini mimi sipimi, nabadilisha. Weka maikrofaradi zilezile, volteji sawa au juu zaidi, na angalia upande wa chanya na hasi. Usifikiri ukiweka 100 mahali pa 20 utapata besi zaidi, valvu ya kugeuza umeme wa AC kuwa DC kama 5U4 haipendi kapasita kubwa mbele yake, unaiua. Zile za karatasi zilizopakwa nta zinazopeleka sauti kwa valvu za mwisho nazo zote nje, zikivuja zinapitisha volteji ya DC kwenye gridi, pale sauti inapoingilia valvu, sauti inapasuka na valvu inaanza kuwa nyekundu kwenye bamba lake. Ukiona wekundu huo zima saa hiyohiyo. Kwenye Seeburg kuna pia mzunguko wa kusawazisha sauti, ili santuri iliyorekodiwa chini na ile ya juu zitoke sawa, kapasita zake zikichoka wimbo unavimba na kunywea wenyewe, watu wanafikiri ni umeme.

Baada ya kazi usiwashe moja kwa moja. Unganisha balbu ya wati 100 ya zamani ile ya waya, wafugaji wa vifaranga bado wanazo, iwe mfululizo na waya wa kuingiza umeme, ukiwasha amplifaya peke yake bila mota na taa. Balbu ikiwaka kwa nguvu halafu ikafifia, endelea. Ikibaki kali kabisa kuna shoti, zima utafute. Na amplifaya ya valvu usiiwashe bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutolea sauti inaungua.

Spika na kabati

Toa kitambaa, angalia koni kwa tochi kutoka nyuma, mwanga ukipita kuna tundu. Tundu dogo linazibwa na karatasi nyembamba ya tishu na gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, pande zote mbili. Ukingo wa sponji ukiwa unga, peleka kwa mafundi wanaorudishia koni, wapo mjini wengi. Tafadhali usikimbilie soko la Kisekka pale Kampala kununua spika za gari, za gari nyingi ni ohm 4 na amplifaya yako inaweza kuwa inataka 8 au 16, tena zile zilizofungwa na kiwanda zinapiga kwa nguvu ndogo, za gari zinataka wati nyingi ndo ziamke.

Kama ziko zaidi ya moja, betri ya volti 1.5, gusa kila spika kwa njia ileile, koni zote zitoke nje pamoja. Moja ikiingia ndani wakati nyingine inatoka geuza waya zake, besi itarudi hapohapo bila kununua kitu.

Halafu kaza skrubu zote za kabati, weka vipande vya sponji nyembamba kati ya kioo na fremu, mlango wa nyuma ufungwe vizuri manake kabati lote ni sehemu ya spika. Pima maji iwe sawa chini, miguu yote minne iguse sakafu. Ukiisukuma kwenye kona besi inaongezeka, kwenye chumba cha saruji inaongezeka mpaka inakuwa matope, kwa hiyo ivute kama nusu mita kutoka ukutani, weka santuri unayoijua kwa moyo, tembea mpaka meza ya mwisho kabisa, na kama maneno hayasikiki pale punguza besi kwanza kabla hujagusa volyumu.